Makala ya Maji ya Mrao

Mtunzimakala ilitumia dakika nne tu. Nakijwa Mshana na mwenzake Elineema walisimama mbele ya mashine hiyo katika maabara ya chuo, ghorofa ya kumi na tisa, wakiitazama ikimeza vipimo vyao vyote vya maji ya kijiji cha Mrao, ikichambua tafiti za nyuma, ikichora grafu, ikipanga marejeo, hadi ikatema makala kamili ya kurasa kumi na mbili. Miaka hii hakuna mwanafunzi anayejisumbua kuandika sentensi. Unaweka kidole gumba pale chini, basi, umehitimu.

Elineema akaweka chake. Nakijwa akaanza kusoma, jambo ambalo hakuna aliyelifanya pale maabara kwa muda mrefu.

"'Tulitembelea kaya mia mbili na kumi na nne.' Eli, sisi tulitembelea ngapi?"

"Thelathini na moja. Achana nayo bwana, imejazia tu."

"'Floraidi ni miligramu moja nukta mbili kwa lita. Maji ni salama.' Salama? Si tulipima kisima wenyewe tukapata tisa!"

Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, mashine ilijieleza: vipimo vya waandishi havikulingana na tafiti thelathini na tisa zilizotangulia, hivyo vimesahihishwa.

Vimesahihishwa! Yaani siku tatu za kupanda milima na chupa mgongoni, halafu dude lisilo na miguu likusahihishe! Nakijwa alimkumbuka Mama Niwaeli, aliyewapikia chai kwa maji yaleyale kwa kuwa hakuwa na mengine. Bintiye, Niwaeli, miguu yake ilikuwa imepindishwa na floraidi hiyo hata magoti hayakutani, na kila asubuhi mama humbeba kumpeleka shule. "Mtaandika, eti?" yule mama aliwauliza. Nakijwa akamjibu, "Tutaandika, mama."

Na hiyo haikuwa ahadi ya heshima tu. Kompyuta ya serikali iliyogawa machujio ya maji ilisoma makala zenye muhuri wa Mtunzimakala pekee, na orodha ya mwaka ingefungwa saa kumi jioni hiyo. Kijiji kikiandikwa salama, hakipati kitu.

Nakijwa akazifungua zile tafiti thelathini na tisa, moja baada ya nyingine. Kila moja iliegemea iliyotangulia. Ilionekana hakuna mtu aliyekuwa ametia mguu Mrao. Jamani, vyeti vyote hivyo! Ya kwanza kabisa, ya miaka ishirini na miwili iliyopita, ndiyo pekee iliyoonyesha mpimaji wa kweli: Dokta Kyaruzi, msimamizi wake mwenyewe.

Saa tisa na nusu alikuwa ofisini kwa Dokta, shikamoo yake imemtoka kwa shida.

"Itengue makala yako, Dokta. Ikitenguliwa, zote zilizoiegemea zinaanguka, na mashine inakosa cha kunisahihishia. Ulipima chemchemi. Chemchemi ilikauka, wakachimba kisima. Hukujua, najua."

Dokta Kyaruzi alivua miwani. Alikuwa mama wa makamo, mpole, kipenzi cha wanafunzi.

"Nilijua," akasema. "Nilirudi miaka saba iliyopita. Nilipata nane nukta sita. Mashine ikasahihisha."

"Nawe ukafanyaje?"

"Nikaweka kidole. Cheo changu kilikuwa mezani, Nakijwa. Nikajiambia, atakuja mwanafunzi mwingine, ataliona kosa."

Nakijwa alitaka kupiga meza. Alitaka kulitaja neno ambalo halitajwi mbele ya mtu wa umri wa mama yake.

"Kuna mtoto kule anaitwa Niwaeli. Hawezi kutembea hadi shule. Ana miaka sita, Dokta. Wewe ulijua kabla hajazaliwa!"

Dokta akaifungua makala yake kwenye kioo cha meza, akabonyeza kidole gumba, na tafiti zikaanza kufutika moja moja, pamoja na ile iliyompa cheo. Mtunzimakala ikaandika upya: kaya thelathini na moja, miligramu tisa, maji si salama. Muhuri ukapigwa saa kumi kasoro dakika tatu. Nakijwa akatoka bila kuaga wala kusema asante.

Chujio lilifungwa kwenye kisima cha Mrao mwezi wa tatu. Nakijwa alikwenda kupima mwenyewe, akapata sifuri nukta saba. Watu walipiga vigelegele. Mama Niwaeli alikinga kikombe cha kwanza, akampa mwanawe, akasubiri hadi amalize. Kisha akageuka.

"Sasa hii miguu itanyooka, eti?"

"Hapana, mama," Nakijwa akasema. "Tumechelewa miaka saba."