Vidonge vya Manjano na Vidole vya Fundi

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa ya kufa mtu, na cheti kilimponyoka mwanamke mmoja mara mbili. Mwanamume mwenye koti jeupe na viatu vilivyochoka akamwokotea.

"Gauni zuri. Nani kakushonea?"

"Nimeshona mwenyewe, vidole vilipokuwa vinanisikiliza."

Alikuwa fundi cherehani, na ugonjwa wa viungo ulikuwa umemvimbisha vidole. Mwanamume alikuwa mtafiti. Alikuwa akijaribu vidonge vya kiini cha manjano, kile kiungo cha mchuzi, kwa wagonjwa kama huyu fundi. Nusu walipewa vidonge vyenyewe, nusu vya unga mtupu, na hata mtafiti mwenyewe hakujua nani kapewa nini. Akamwandikisha. Kila wiki alimpigia simu kumuuliza maumivu yamefika ngapi, sifuri hadi kumi.

Wiki ya kwanza fundi alisema nane. Wiki ya tano walikuwa wameshapendana.

"Niambie, mpenzi. Ngapi leo?"

"Mbili."

"Kweli?"

"Mbona huniamini, bwana maswali?"

Akacheka kwa furaha, mjinga yule. Fundi, aliyekuwa na tisa, hakuwa na moyo wa kuizima furaha hiyo, akaendelea kusema mbili. Daktari wa kliniki akaziamini karatasi za mtafiti, akampunguzia dawa yake kali ya zamani.

Miezi minne baadaye, picha ya eksirei ilionyesha mifupa ya vidole imeliwa. Ikishaliwa hairudi.

"Ulinidanganya," mtafiti alisema.

"Uliuliza kama mtu anayetaka kufurahishwa. Ningekujibu nini?"

Akaondoka kwa hasira, na simu ikanyamaza wiki tatu. Hasira ilipoisha ikabaki aibu. Akawaeleza wakubwa wake kwamba alimpenda mgonjwa wake, akaomba majibu ya mgonjwa huyo yafutwe. Wakamfukuza. Kuhusu manjano, utafiti uliisha bila kuthibitisha lolote.

Alimkuta fundi kwenye kibanda chake cha kushonea, kitambaa cha mteja kimetandazwa mezani.

"Umekuja kunihurumia?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Halafu nikuombe nikuoe."

"Msamaha nimekupa." Alimsogezea mkasi kwa kiganja, vidole vimepinda. "Huu siuwezi tena. Fuata mstari wa chaki."

Akakata, jasho likimtoka, na mkasi ukapinda nje ya mstari. Machozi yalimshuka fundi, na hakuweza kuyafuta vizuri.

"Umeharibu kitambaa cha watu, mume wangu," alisema. "Kata tena."