Gari la Mkunga wa Moa

Semeni binti Jumbe alikuwa mkunga. Aliishi Moa, karibu na mpaka wa Kenya, pamoja na mdogo wake, Uweso. Kila asubuhi Semeni alipika uji, wakanywa wote wawili. Kisha Uweso alikwenda kwenye mashimo ya chumvi, na Semeni alikwenda kuwatazama wanawake wajawazito. Watoto wengi wa Moa walizaliwa mikononi mwake.

Lakini Semeni alijua mahali kazi yake ilipokoma. Mwanamke akitokwa na damu nyingi, au mtoto akikaa vibaya tumboni, ilibidi apelekwe hospitali Tanga. Wakati wa kiangazi lori la nazi lilifika Moa, na mgonjwa alipanda hilo. Wakati wa masika lori halikuja. Barabara iligeuka tope jeusi, na magurudumu yalizama yote.

Masika ya mwaka 1953, mwanamke mmoja aitwaye Chiku alishikwa na uchungu, damu ikamtoka nyingi. Wanaume wanane walimbeba kwa kitanda. Waliondoka alfajiri. Semeni alitembea kando ya kitanda, ameushika mkono wa Chiku. Kabla ya adhuhuri mkono ule ulipoa. Walikuwa hawajafika hata nusu ya njia. Wakakigeuza kitanda, wakarudi.

Arobaini ya Chiku ilipopita, Semeni alimwita Uweso.

"Uweso, nataka gari."

Uweso alicheka. Alipoona dada yake hacheki, naye akanyamaza.

"Gari gani, dada? Lori lenyewe linazama."

"Uliniambia kule Bama mlikuwa na magari yanayopita kwenye tope."

"Ndiyo, yale ya jeshi. Magari mengi huvutwa na magurudumu ya nyuma tu. Yale yalivutwa na yote manne."

"Basi nataka hilo."

Uweso alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita vikuu. Aliendesha magari miaka miwili huko Bama, bara la Asia. Semeni naye aliachiwa shamba la minazi na marehemu mumewe. Akaliuza. Watu walimsema sana. Wengine walisema ameingiwa na wazimu.

Ndugu hao wawili walikwenda Tanga. Huko, mtaa wa Ngamiani, dalali mmoja alikuwa na gari kuukuu la jeshi. Lilipakwa rangi mpya ya kijani, likang'aa. Viti vilikuwa vipya. Uweso alipanda, akaliwasha, akalizungusha mara moja katika mtaa ulio tambarare.

"Tusitafute fundi alitazame kwanza?" Semeni aliuliza.

"Fundi wa nini, dada? Mimi nimeyaendesha magari haya. Sikiliza injini ilivyo tulivu."

Dalali akasema, "Kuna mtu mwingine analitaka. Anakuja baada ya sala ya adhuhuri."

Maneno hayo yalimtia Uweso haraka. Wakalinunua palepale.

Walitoka mjini wamefurahi. Walipofika kwenye mteremko wa kushukia mto Sigi, Uweso alikanyaga breki. Mguu ukaenda mpaka chini. Gari halikupunguza mwendo.

"Dada, shika!"

Aliukata usukani kwa nguvu. Gari likaacha barabara, likaruka mtaro, likaingia katika shamba la mkonge. Likavunja mimea mingi mpaka likasimama. Semeni aligonga goti. Uweso alipasuka mdomo. Mbele yao, hatua chache tu, palikuwa na korongo.

Wafanyakazi wa shamba walisikia kishindo, wakaja mbio. Kati yao alikuwapo Ernesti, fundi wa magari ya shamba lile. Alikuwa kijana wa Kishambaa kutoka milimani.

"Shikamoo, mama. Umeumia?"

"Marahaba, mwanangu. Goti tu. Mtazame huyu."

Ernesti alimtazama Uweso, akaona si jeraha kubwa. Kisha akalala chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, mikono yake ilikuwa imejaa kutu.

"Gari hili mmelinunua lini?"

"Leo," Uweso alisema.

"Kabla ya kulinunua, nani alilala chini yake?"

Uweso alifuta damu mdomoni.

"Basi mmenunua rangi," Ernesti alisema.

Semeni alikaza kanga yake kiunoni. Akalala chali katika vumbi, akajisogeza chini ya gari.

"Dada, inuka! Watu wanatazama."

"Waache. Nami nataka kutazama nilichonunua. Fundi, njoo unionyeshe."

Ernesti alilala kando yake. Alichukua bisibisi, akaichoma katika chuma kirefu kilichobeba gari. Bisibisi ikaingia kama inaingia katika muhogo uliooza.

"Hii ni chesisi, mama. Ndiyo uti wa mgongo wa gari. Imeliwa na kutu. Gari hili limepita katika maji ya chumvi, na hakuna aliyeliosha." Akagusa bomba jembamba. "Hili hupeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Lilikuwa limechakaa. Huko mjini mlikanyaga breki kidogo kidogo, likavumilia. Hapa mlikanyaga kwa nguvu, likapasuka."

"Na pale mbele, mbona pako wazi?"

Ernesti alimtazama. Hakutarajia ataliona hilo.

"Hapo pana chuma kirefu kinachozunguka. Tunakiita propela. Hicho ndicho hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele. Kimeng'olewa. Gari lenu huvutwa na magurudumu ya nyuma tu, kama magari mengine."

Semeni alitoka chini ya gari. Uweso alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, ameinamisha kichwa.

Siku ya pili walikwenda kwa dalali. Dalali alisema, "Uliliendesha mwenyewe, ukaridhika. Sikukuficha kitu." Walibishana naye mpaka alasiri, wakatoka mikono mitupu.

Njiani Uweso alisema, "Tuzibe lile bomba, tupake rangi palipokwaruzika, tuliuze."

"Tumuuzie nani?"

"Yeyote atakayelitaka."

"Na yeye atashuka mteremko upi?"

Uweso akamfuata dada yake.

Semeni alikwenda moja kwa moja kwa Ernesti. Walimkuta nyumbani, anakula pamoja na mkewe, Bertha. Waliwakaribisha chakula. Semeni alikula kidogo, kisha akaeleza habari ya Chiku tangu mwanzo hadi mwisho. Bertha aliweka chini kijiko chake.

"Gari hili litapona?" Semeni aliuliza.

"Litapona, lakini si kwa wiki moja," Ernesti alisema. "Mimi nina kazi ya shamba. Nitakusaidieni Jumamosi jioni, na Jumapili nikitoka kanisani. Ila nina sharti. Kazi mtaifanya kwa mikono yenu. Gari likifa huko Moa, mimi sitakuwapo."

"Tumekubali," Semeni alisema.

"Fundi," Uweso alisema, "tuanze na injini. Nilisikia inakohoa kidogo."

"Hapana. Kwanza gari lijue kusimama. Pili lijue kugeuka. Tatu ndipo lijue kwenda. Kupendeza ni mwisho kabisa."

Gari liliwekwa nyuma ya nyumba ya Ernesti. Kila Jumamosi ndugu wale walikuja kutoka Moa, wakalala kwa jamaa yao Ngamiani, wakarudi Jumatatu. Walivua magurudumu. Walibadilisha mabomba yote ya breki, hata yale yaliyoonekana mazima. Uweso aliuliza kwa nini.

"Yote yana umri mmoja," Ernesti alisema. "Moja limepasuka. Mengine yanangoja zamu."

Walipotia mafuta mapya ya breki, Ernesti alimwambia Semeni akae kwenye kiti cha dereva. Yeye akalala chini, kando ya gurudumu.

"Sasa tunatoa upepo, mama. Ukibaki katika mabomba, breki haishiki. Kanyaga. Shikilia hapohapo. Haya, achia. Kanyaga tena."

Semeni akacheka. "Hivi ndivyo ninavyowaambia wanawake wangu. Sukuma, pumzika, sukuma tena."

Chesisi ilikatwa palipooza. Ernesti aliunga chuma kipya kwa moto. Uweso alikwangua kutu kwa msasa majuma matatu, mpaka vidole vikachubuka. Halafu wakapaka rangi ya kuzuia kutu, hata mahali ambapo hakuna mtu atakayepaona.

Kazi ngumu ilikuwa kupata ile propela ya mbele. Walisikia kwamba katika shamba moja la mkonge, mbele ya Muheza, kuna magari ya jeshi yaliyokufa. Uweso alikwenda kwa basi. Alirudi na propela begani, anatokwa jasho. Walipoiweka, ilipungua vidole vinne.

Uweso aliitupa chini. "Nimechoka! Kila tukipata hiki, kile hakipo. Gari hili halitaki kupona."

Semeni aliiokota, akaifuta mchanga.

"Ulipimaje?"

"Kwa macho."

Semeni alikata kamba. Alipima tangu mahali propela inapoanzia mpaka inapoishia, akafunga fundo. Akapima mara ya pili. Fundo likaangukia palepale.

"Jumamosi ijayo tutakwenda wote," alisema. "Hii tutairudisha, tutaleta nyingine."

Na walileta nyingine. Iliingia bila kulazimishwa. Siku ile Uweso alilala chini ya gari, akakaza boliti zote mwenyewe. Ernesti alisimama pembeni, hakugusa kitu. Kisha alizijaribu moja moja kwa spana. Zote zilikuwa zimekaza.

Gari lilikamilika mwezi wa Machi, kabla ya mvua. Ernesti alipanda pamoja nao mpaka mahali penye mchanga mwingi.

"Tazama mkono huu mdogo wa gia," alimwambia Uweso. "Ukiuingiza, magurudumu yote manne yanavuta. Kwenye barabara ngumu utoe, la sivyo utavunja gia. Kwenye tope uingize kabla hujazama. Ukisha kuzama umechelewa."

"Kule Bama tulikanyaga mafuta tu, tukapita."

"Kule Bama mlikuwa na askari ishirini wa kusukuma. Gurudumu likizunguka bila kwenda mbele, acha mafuta. Linachimba shimo la kujizika."

Mvua zilianza Aprili. Juma la tatu, baada ya sala ya alfajiri, mtu alibisha hodi kwa nguvu. Alikuwa mume wa Mwanamkasi, mmoja wa wajawazito wa Moa.

"Bi Semeni, mke wangu ana uchungu tangu jana. Hakutaka tukusumbue."

Semeni alikwenda, akampapasa Mwanamkasi tumboni. Mtoto alikuwa amelala kwa upande. Semeni hakujaribu kufanya lolote zaidi.

"Uweso! Tunakwenda Tanga."

Uweso hakuruka juu ya gari akaondoka. Alitazama maji, oili na mafuta ya breki, kama alivyofanya kila asubuhi. Alikanyaga breki mara tatu. Walitandika godoro nyuma, wakamlaza Mwanamkasi. Semeni alikaa naye. Mume wa Mwanamkasi alipakia jembe na makuti, akakaa mbele.

Walipofika kwenye tope jeusi, Uweso alisimamisha gari. Akashuka, akavua viatu, akaingia kwa miguu na fimbo mkononi. Alichoma chini huku na huku, akatafuta palipo pagumu. Mume wa Mwanamkasi alipiga kelele, "Twende! Unangoja nini?"

"Natafuta njia," Uweso alisema. "Nikikosea, tutalala hapa."

Akarudi, akauingiza ule mkono mdogo wa gia. Gari likaingia polepole. Tope lilipanda, likafika kwenye vyuma vya chini. Gari liliyumba, likaendelea. Katikati, upande wa kushoto ulizama. Magurudumu yakaanza kuzunguka bure.

Mguu wa Uweso ulitaka kukanyaga mafuta. Aliuondoa.

Alishuka na jembe, akatoa tope mbele ya magurudumu. Semeni naye alishuka, akatandaza makuti mpaka magoti yake yakafunikwa na tope.

"Rudisha nyuma kidogo kwanza," Semeni alisema. "Kisha mbele, taratibu."

Gari lilirudi nyuma kidogo. Likaja mbele, likayashika makuti, likapanda. Mwanamkasi alilia kwa uchungu. Semeni alirukia nyuma, akamshika.

"Lia tu, mwanangu. Tumeshatoka."

Walipofika kwenye barabara ngumu, Uweso aliutoa ule mkono wa gia. Saa sita mchana waliingia hospitali. Daktari alimpasua Mwanamkasi saa ileile. Semeni alikaa nje kwenye benchi, tope likakauka miguuni mwake. Hakuomba maji ya kunawa. Mlango ulipofunguliwa, kwanza ilisikika sauti ya mtoto. Kisha muuguzi akasema, "Mama naye mzima."

Semeni alijifunika uso kwa kanga, akalia.

Masika yale gari lilipeleka Tanga wanawake watatu, na mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Wote walifika. Kila waliporudi Moa, Uweso aliliosha kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, chini kabla ya juu. Watu wa vijiji vya jirani waliotaka kununua magari walikuja kumwuliza. Aliwaambia wazi namna alivyodanganywa na rangi. Hakuona haya tena kusema.

Mvua zilipokatika, Uweso alishikwa na homa, akalala siku tisa. Katika siku hizo gari lilikaa tu uani. "Namshukuru Mungu, hakuna aliyelihitaji," Semeni alisema. Lakini wasiwasi haukumtoka moyoni. Uweso alipopata nguvu, dada yake alimletea uji, akakaa.

"Na ukiumwa tena, nani ataendesha?"

"Tutatafuta mtu."

"Wapi?"

Uweso alikoroga uji wake.

"Maliza uji," Semeni alisema. "Ukimaliza, nifundishe."

Alijifunza kwenye uwanja mkavu wa chumvi, asubuhi na jioni, miezi minne. Aling'oa nguzo mbili, akaua injini mara zisizohesabika. Mwisho wake alikwenda Tanga akajaribiwa na polisi, akapewa leseni. Semeni alikuwa mfupi, na ilibidi akalie mto. Siku aliyorudi Moa akiendesha mwenyewe, waliokuwa shambani waliinua vichwa wakaona gari la kijani linakuja, na nyuma ya usukani hakuna mtu. Wengine walikimbia. Wengine walisimama kutazama. Gari liliposogea karibu, waliona kanga, kisha macho mawili yaliyokazia njia.

"Ni Bi Semeni!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Jamani, anaendesha!"

Semeni hakugeuka. Mbele yake palikuwa na mashimo.