Mwambie Mama Haitageuka

Siku ya Jumamosi, katika soko kuu la Mbale, mtu hapati nafasi ya kusimama akawaza. Wauza vitunguu wanaita, wapagazi wanapiga mluzi wapishwe, na harufu ya malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, inaganda kwenye nguo. Miaka ile nchi ilikuwa inajiokota baada ya vita, na watu walinunua na kuuza kama watu waliofunguliwa mlango.

Zaituni alikuwa ametoka Jinja na mzigo wa tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi ambavyo wanawake wa Kinubi hufuma kwa subira. Alijifunga gurbaba, ile nguo ya kujifunga ya Kinubi, ya kijani iliyotariziwa maua ya njano pembeni, na mtandio mweupe ambao hata vumbi la soko lilikuwa limeuhurumia. Biashara ilikuwa ndiyo inaanza kunoga pale mvua ya mlimani ilipoanguka bila kubisha hodi. Watu wakatawanyika. Alipoinua kichwa, akaona mwanamume mrefu mwenye shati la bluu akizoa tabaga zake na kuzitia ndani ya koti. Akamrukia, akamkamata ukosi.

"Weka chini."

"Nikiweka chini zitalowa, dada."

"Na hilo koti linazipeleka wapi?"

"Linazipeleka pale, chini ya bati. Shika ukosi hivyo hivyo, tusipotezane."

Wakavuka soko namna hiyo, mmoja kamshika mwenzake ukosi, na watu waliojificha mvua wakicheka. Chini ya bati akazitoa moja moja. Zote kavu. Yeye mwenyewe maji yalikuwa yanamtiririka kutoka nywele hadi viatu, na Zaituni akaona haya, akamwachia.

Lakini Kiswahili chake kilikuwa laini mno. Kwa akina Zaituni kilikuwa lugha ya nyumbani. Katika kinywa cha mwanamume asiyemjua kilimkumbusha vizuizi vya askari barabarani.

"Wewe ni afande?"

"Mimi? Bunduki ningeishika kichwa chini. Hiki ni Kiswahili cha madrasa. Naitwa Burhan, wa hapa Namakwekwe, ila kazi yangu iko Jinja. Nasafirisha mboga. Maharage machanga ya wakulima wa huku Busiu."

"Basi chagua moja, kwa sababu umelowa kwa ajili yangu."

Akachagua nyekundu yenye nyota nyeusi katikati.

"Mke wako ataipenda," Zaituni alisema, akitazama kwingine.

"Sina mke."

"Sasa kifuniko cha nini, na huna hata wa kukupikia?"

"Kifuniko nimepata. Chakula chake nitakitafuta polepole."

Zaituni akageuza uso ili asionekane anavyotabasamu. Alionekana.

Simu ya karibu na kwao Jinja ilikuwa ya Muzamiru mwenye duka. Zaituni alimpa Burhan namba yake, na kuanzia wiki ile simu hiyo haikupumzika.

"Habari za duka?" Burhan angeuliza.

"Duka halijambo," Zaituni angejibu. "Duka lina kazi."

"Nilitaka kujua kama kwenu kumenyesha."

"Si uko hapa hapa Jinja?"

"Niko upande wa pili wa mtaa wenu. Huku tumepata manyunyu tu."

"Mtu anapiga simu kuuliza manyunyu?"

"Mtu anapiga simu kusikia unavyomcheka, Zai."

Muzamiru alikuwa na tabia nzuri ya kupima sukari kwa kelele wakati wa mazungumzo hayo, ili mazungumzo yabaki ya wenyewe.

Ijumaa moja baada ya swala, Burhan akaja kumsalimia Mama Hajara, mama yake Zaituni. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, akabeba fungu la malewa. Mama Hajara alicheka tangu mlangoni. Wakaketi kwenye mkeka, chakula kikaja kimefunikwa tabaga mpya, na mama akamwongezea mgeni mchuzi bila kuulizwa, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

Ndipo ndege ikapita. Ilikuwa ndogo tu, inateremka kwenye uwanja mdogo uliokuwa nyuma ya mtaa wao. Mama Hajara akaacha kijiko, akatoka uani pekupeku, akiita, "Bakhit, ingia ndani. Zaituni, mshike kaka yako mkono." Macho yake hayakumwona mtu yeyote aliyekuwapo.

Burhan akainuka. Alichukua kandambili za mama, akamfuata, akapiga magoti na kumwekea miguuni, kwa sababu uani kulikuwa na mawe. Zaituni aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Baadaye, mama alipolala kidogo, akamweleza.

"Wakati wa vita ndege ilipita juu yetu. Ikaenda. Watu wakasema alhamdulillahi, wakatoka nje. Kisha ikageuka. Kaka yangu Bakhit alikuwa ametoka." Alinyoosha ukingo wa mkeka ambao ulikuwa umenyooka. "Tukakimbilia Sudan. Tuliporudi miaka mingi baadaye, tulikuta jirani yetu Kagoya ametutunzia nyumba, hata kufuli alikuwa akilipaka mafuta. Mama hawezi kuhama tena. Na sasa wanataka kuupanua ule uwanja, ndege ziwe kubwa, ziwe nyingi. Mimi siwezi kuolewa nikamwacha peke yake chini ya kelele hizo, Burhan. Nakuambia mapema."

Burhan akavuta kikombe. Akanywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

Mkutano wa mtaa ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Bwana mmoja mwenye tai alieleza jinsi njia ya ndege itakavyorefushwa, na samaki wa ziwani watakavyofika ng'ambo wakiwa bado wanang'aa. Mwalimu mkuu akasimama akasema ndege ikipita sasa hivi anaacha kufundisha, na zikiongezeka afadhali afundishe kwa ishara. Kagoya, aliyeuza matoke na mchuzi wa karanga kando ya barabara, akajibu kwamba wajenzi wana matumbo, na mtu asimlilie kelele wakati sufuria zake zinalala tupu. Watu wakapiga makofi pande zote mbili.

Kisha ikaja kura. Siku hizo kura haikuwa ya karatasi. Mtu alikwenda kusimama mstarini mchana kweupe, majirani wakimwona.

"Wanaotaka uwanja upanuliwe, upande wa bendera," mwenyekiti alisema. "Wasiotaka, upande wa kisima."

Zaituni akamshika mama mkono, wakaenda upande wa kisima. Alipotazama ng'ambo, kati ya Kagoya na wavuvi, akamwona Burhan. Alikuwa amevaa koti la wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Naye akamwona, asiondoke mstarini.

Zaituni alimngoja langoni mwa shule.

"Mboga zako zinasafiri kwa nini, Burhan? Kwa baiskeli?"

"Kwa ndege. Mimi ndiye ninayezipakia."

"Ulikula chakula cha mama."

"Nilikula. Nilitaka kusema siku ile ile. Nikauona uso wake, nikakosa mdomo."

"Kwa hiyo umesema kwa miguu, mbele ya mtaa mzima."

"Zai, wakulima wa Busiu ng'ombe wao wote waliibwa vitani. Sasa hivi maharage ndiyo ng'ombe wao. Siwezi kusimama kisimani halafu nikawatazama usoni."

"Ungeniambia hivyo hivyo. Ningegomba, lakini ningekusikiliza. Usipige simu tena."

Mstari wa bendera ulikuwa mrefu zaidi. Kiangazi kilipoingia, matingatinga yakaanza kunguruma nyuma ya uzio. Kagoya akapata wateja hadi akaongeza sufuria, akanunua na mbuzi. Wageni waliokuja na ndege wakaanza kusimama kwenye meza ya Zaituni sokoni, wakinunua tabaga bila kubishana sana. Alizipokea riziki hizo na bado uwanja ule hakuupenda. Muzamiru alipomwambia kuna simu, alijibu, "Mwambie nimehamia Sudan." Kisha alikaa jioni nzima akifuma nyota nyeusi na kuifumua.

Jambo moja lilimshangaza. Uji wa mama, ambao zamani uliungua kila ndege ilipomtoa jikoni, ulikuwa hauungui tena. Adhuhuri moja alirudi mapema kutoka sokoni, ndege ikapita, vyombo vikalia kabatini, naye mama akabaki palepale ameketi anatunga uzi kwenye sindano.

"Mama, hujaisikia?"

"Nimeisikia. Ni ndogo, imebeba maharage."

"Umejuaje?"

"Muzamiru aliniambia kabla haijafika. Huniambia kila mara." Akapitisha uzi. "Mtu akijua kinachokuja, si sawa na kushtukizwa."

Kesho yake Muzamiru alikwenda kutawadha, akamwomba Zaituni amshikie duka. Simu ikalia. Zaituni akaiinua, na kabla hajasema neno, sauti ikamwagika.

"Muzamiru, ndugu yangu, rubani ameita kwenye redio. Mwambie mama leo ni ile kubwa ya samaki, itatikisa bati, asishtuke. Inapita mara moja tu. Mwambie haitageuka." Sauti ikashuka. "Na Zaituni hajambo? Usimwambie nimeuliza."

Zaituni alishika ukingo wa meza.

"Muzamiru?"

"Duka halijambo," alisema Zaituni.

Upande wa pili palisikika kitu kikianguka, pengine kiti.

"Zai."

"Umeanza lini?"

"Tangu ule mkutano."

"Kila ndege?"

"Kila inayoita redioni. Muzamiru anafunga hata mizani, anakwenda kumwambia. Nilimwomba akufiche. Usidhani nakuhonga."

"Mimi uwanja huu bado siutaki, Burhan."

"Najua."

"Nitakuambia hivyo kila siku."

"Niambie. Nimekosa kuambiwa kitu na wewe siku nyingi sana." Kisha sauti yake ikabadilika. "Ngoja. Zai, ngoja, rubani anaita tena. Kuna mbuzi wameingia uwanjani. Hawezi kutua. Leo itageuka. Umemwambia mama?"

Hakuwa amemwambia. Alikuwa amesimama pale anaongea mapenzi. Akaiacha simu ikining'inia na waya wake, akatoka mbio, gurbaba kaikunja mkononi, akimpita Muzamiru mwenye maji usoni. Ndege ikampita juu, kubwa, tumbo jeupe, mabati yakilia mtaa mzima. Ikaenda. Kisha akaiona kule juu ya mto inalaza bawa.

Mama Hajara alikuwa uani, pekupeku, sindano bado mkononi, midomo imeanza kutetemeka.

"Mama, itageuka," Zaituni alimwita kutoka langoni, pumzi zimemwisha. "Itageuka, lakini ni mbuzi. Mbuzi wameingia uwanjani, inawasubiri watoke. Burhan amesema."

"Nani amesema?"

"Burhan. Ndiye anayepiga simu. Zote ni zake."

Ngurumo ikarudi. Mama akamkamata mkono, akambana hadi mifupa ikauma. Akainua uso. Zaituni akangoja lile jina litoke. Ndege ikapita, kivuli chake kikafagia uani, ikashuka nyuma ya miti, na palikuwa kimya hata kuku wakasikika.

"Ni wa Kagoya hao," Mama Hajara alisema, sauti bado inatetemeka. "Nilimwambia awafunge."

Zaituni akaangua kicheko na machozi pamoja. Akaingia ndani, akatoka na kandambili, akapiga magoti na kumwekea miguuni.

"Jamani," Muzamiru aliita kutoka dukani, "simu iko wazi na kuna mtu bado anapumua humo."

Mama Hajara hakuwahi kushika simu maishani mwake. Siku hiyo alikwenda mwenyewe, akakishika kile chombo kwa mikono miwili, akazungumza nacho kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Burhan. Mbuzi wametoka?" Akasikiliza. "Vizuri. Sasa nisikilize. Ulipita hapa mara moja na malewa yako, ukaenda. Ndege ya samaki imegeuka leo na mimi bado nimesimama. Wewe utageuka lini?"

Zaituni akaziba uso kwa mtandio. Muzamiru akaanza kupima sukari ambayo hakuna aliyeiagiza.

Mama akampa simu binti yake, akatoka zake taratibu, akiwa na kandambili miguuni.

"Umesikia?" Zaituni aliuliza.

"Nimesikia. Nadhani hata rubani amesikia. Ijumaa nakuja na wazee wangu kutoka Mbale, ukikubali."

"Na mama?"

"Nitakaa hapa hapa Jinja. Mbale tutakwenda Idi, sote watatu. Kile kifuniko bado hakijafunika kitu, Zai. Nimekitundika ukutani tu."

Zaituni alitazama nje ya mlango wa duka. Kule uani mama yake alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, anatafuta tundu la sindano kwenye mwanga.

"Kilete," alisema. "Ijumaa chakula kitakuwepo."