Kikohozi cha Mpelelezi

Kila jioni akirudi kutoka shuleni, Mpelelezi alivua sare, akala, kisha akaingia chumba cha mbele kuokota pini. Chumba hicho kilikuwa karakana ya baba yake, fundi wa nguo, na pini zilidondoka humo mchana kutwa. Binti alizinasa kwa sumaku iliyofungwa kwenye kamba, akaipitisha chini ya meza ya kukatia, halafu chini ya cherehani. Kazi hiyo haikutaka nguvu, ilitaka macho, na macho alikuwa nayo. Jina la Mpelelezi alipewa na mama yake, maana sukari ikipungua koponi, yeye ndiye aliyejua ni nani kailamba.

Baba alishona peku. Ukimwambia avae viatu, alikucheka. "Kiatu kinaniziba," alisema. "Mguu ndio unaoniambia cherehani inakwendaje." Ndivyo alivyofundishwa kazi tangu ujana wake, na mafundi wenzake wote mtaani walifanya hivyo hivyo.

Siku hizo dada mkubwa wa Mpelelezi, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa likizo, na mtihani wa vitendo ulikuwa unamngoja chuoni. Basi nyumba haikukalika! Dada alikuwa na kinyundo cha mpira, na yeyote aliyekaa kitini akaning'iniza mguu aligongwa chini ya goti. Mguu uliruka wenyewe, mwenye mguu akabaki ameduwaa.

"Umeona?" Dada alimwambia mdogo wake. "Hapo ubongo hata haujaulizwa. Habari imetoka gotini, imefika kwenye uti wa mgongo, na amri imerudi palepale. Lakini ili ujue kwamba unaumia, lazima habari ipande mpaka kwenye ubongo."

"Inapandaje?"

"Kwa mishipa ya fahamu. Mingine inapeleka habari juu, mingine inaleta amri chini. Ile ya miguuni ndiyo mirefu kuliko yote, na ugonjwa kama kisukari huanza kuiharibu hiyo."

Baba, ambaye alikuwa na kisukari, aliinua macho mara moja, kisha akayarudisha upesi kwenye kitambaa. Mpelelezi aliona, akaliweka akilini.

Kesho yake Baba alimvuta pembeni. "Mwanangu, dada yako anataka kunipima miguu jioni, nimefumba macho. Tumtanie kidogo. Kila akinigusa, wewe kohoa."

"Nikohoe ili iweje, Baba?"

"Ili nipate maksi zote! Hebu acha upelelezi wako."

Binti alicheka, akakubali. Dada mwenyewe tangu aingie chuo alikuwa anajisikia mno, na kumpiga chenga ilikuwa raha. Jioni Baba alikaa, akafumba macho. Dada akagusa kidole gumba kwa pamba. *Kohoo!* "Ndiyo," akasema Baba. Akagusa kisigino. *Kohoo!* "Ndiyo."

"Hongera, Baba, miguu yako ni ya kijana," Dada akasema. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Na wewe hicho kifua kimeanza lini?"

Walicheka sana baadaye, baba na binti. Lakini Mpelelezi alipokuwa akiosha vyombo, kicheko kilikata ghafla. Mguu ni wa Baba. Tangu lini mtu akahitaji kuambiwa kwamba mguu wake mwenyewe umeguswa?

Kuanzia hapo akawa anamtazama baba yake kama anavyolitazama kopo la sukari. Aliona ndara moja ikimvuka Baba mlangoni, naye akaendelea na safari yake mpaka kwenye meza ya kukatia, mguu mmoja una ndara, mwingine hauna. Hakurudi kuifuata. Hakujua kama imebaki! Siku nyingine akaona matone mekundu sakafuni, kutoka kwenye cherehani mpaka dirishani.

"Baba, hii nini?"

"Rangi ya uzi."

Rangi ya uzi! Mpelelezi alizaliwa katikati ya nyuzi, na hajawahi kuona uzi unaodondosha matone. Akajikausha, akaendelea kuvuta sumaku yake. Ndipo Baba aliponyanyuka kufuata mkasi huku akipiga mluzi, na kila alipoinua mguu wa kulia, kitu cha buluu kiling'aa chini ya unyayo. Kilikuwa kichwa cha pini. Pini yenyewe ilikuwa imezama yote ndani ya nyama.

"Baba, pini!"

"Iko wapi?" Baba akainama kuitafuta sakafuni.

Mpelelezi alimkalisha Baba, akaichomoa. Karibu yake palikuwa na kidonda kingine, cha zamani, kilichokwisha kuvimba pembeni. Baba hata hakukunja uso.

"Ni ganzi tu, itapita," alinong'ona. "Unajua mama yako alivyosema: miguu ikianza matata, cherehani inafungwa. Mimi bila cherehani ni nani? Usimwambie mtu, mwanangu."

Binti hakuitikia ndiyo wala hapana. Alimpenda baba yake, na alimhurumia mpaka machozi yakamlengalenga. Akaenda jikoni, akamkuta Dada anachambua mchele.

"Dada, mtu akikanyaga pini asisikie, inakuwaje?"

Dada akaacha mchele. "Mtu gani?"

"Nauliza tu."

"Hakuna kinachomwambia aache kukanyagia hapo. Anazidi kukanyaga, kidonda kinaoza. Wodini nilimwona mtu aliyekatwa mguu, na kilichoanza kilikuwa kijimsumari." Dada akamkazia macho. "Kuna nini?"

"Mpime Baba tena," Mpelelezi akasema. "Leo. Mama akiwepo."

Baba alikubali kwa shingo upande. Alipokaa alimkonyeza binti yake, kisha akafumba macho. Mama akasimama mlangoni na kitambaa chake cha jikoni. Dada akagusa kidole gumba kwa pamba. Kimya. Akagusa katikati ya unyayo, akagusa kisigino. Kimya. Mpelelezi alibana midomo, machozi yakimtiririka, na koo lake likawasha kweli kweli, lakini hakukohoa.

Baba alikuwa ameinamisha sikio upande wake, anangoja.

"Mbona huanzi?" akauliza.

Dada akaiweka pamba chini. "Nimeshamaliza, Baba."

Akaugeuza mguu kwenye mwanga, akakiona kidonda. Mama akashika kichwa. Baba alipofumbua macho hakumtazama Dada wala Mama, alimtazama Mpelelezi.

"Hukukohoa," alisema taratibu.

"Sikukohoa, Baba," binti akajibu kwa kwikwi. "Nataka uwe na miguu yote miwili."

Asubuhi walikwenda zahanati wote wanne. Muuguzi mkuu, mama mnene asiye na maneno mengi, alikiosha kidonda, akakikwangua, akakifunga, kisha daktari akaandika dawa. Baba akaambiwa asikanyage pedali mpaka kidonda kifunge, na akifika kwenye cherehani tena, awe na viatu vya kufunika. Muuguzi alipokwisha kusikia habari ya kikohozi, alimgeukia Baba.

"Mzee, umewahi kwa bahati. Mishipa yako imeacha kuleta habari, huyu mtoto akaileta badala yake. Ila na wewe ulimfundisha kuleta ya uongo! Tungeisadiki hiyo, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Baba akainamisha kichwa. "Kweli, muuguzi. Niliogopa kupoteza kazi, kumbe nilikuwa napoteza mguu."

Kidonda kilifunga polepole. Mama hakuifunga karakana: wakati Baba anakata vitambaa, Mama mwenyewe alikaa kwenye cherehani, akashona mishono iliyonyooka kuliko ya Baba, na mzaha wa hilo haukuisha nyumbani. Baba aliporudi kwenye pedali alikuwa na viatu, ingawa alinung'unika kwamba cherehani sasa inamnong'oneza tu.

Kila jioni Mpelelezi alipomaliza kuokota pini, Baba alivua viatu, naye akazikagua nyayo zake, vidole mpaka visigino. Jioni moja vumbi la vitambaa likamwingia puani, akakohoa.

"Ndiyo!" akaitikia Baba papo hapo.

Wakacheka mpaka Mama akaja kuchungulia. Kisha Baba akamshika binti yake bega, na uso wake haukuwa tena na mzaha.

"Sikiliza, mwanangu. Ukiona kitu kibaya kwangu, usikohoe, na usinyamaze. Sema kwa mdomo wako. Hata kama mimi mwenyewe nimekukataza, sema."