Farasi Asiyekuwa wa Daktari

Kilichoanza kumshtua Orpah ni chumvi. Kopo lililojaa Ijumaa mchana lilikuwa tupu Jumamosi jioni, na yeye hakuwa amepika chochote, kwa sababu katika nyumba yao jiko haliwashwi siku ya Sabato. Hakumlaumu panya. Panya hali chumvi, na kama kuna aliyeila basi ni mumewe.

Huyo mumewe, Nyamweya, alikuwa fundi wa sanamu za saruji mjini Migori. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tano wafanyabiashara wa mji walikaa, wakaamua kwamba njia panda yao inahitaji farasi mkubwa aliyesimama. Kwa nini farasi, katika mji ambao watu wake wamemwona farasi kwenye kalenda tu, hilo waulizwe wao. Kazi akapewa Nyamweya, na ili apate farasi wa kumwigiza ilimbidi aende upande wa Homa Bay, bonde la Lambwe, ambako Daktari Elkanah alifuga farasi akizipima damu zao na kuwazalisha, akitafuta uzao usiouawa na mbung'o. Nyamweya aliondoka kabla ya Krismasi na kuaga kwamba hatarudi hadi kazi iishe.

Kwa hiyo Orpah alipomwona mlangoni Ijumaa moja ya Januari, jua likizama, alifurahi. Alikuwa katikati ya sala ya kufungua Sabato. Mumewe alisimama nje ya kizingiti bila kusogea mpaka Orpah alipotamka Amina, ndipo akaingia. Tangu hapo akawa anakuja kila Ijumaa namna hiyohiyo.

Lakini hakuvua viatu, hata kitandani. Alisema miguu imevimba. Kanisani hakwenda, yeye aliyekuwa mzee wa kanisa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, na mwilini alinuka jasho na majani mabichi. Kisha Orpah akaokota kwenye shati lake unywele mweusi, mrefu, mgumu. Akaukunja ndani ya kitambaa na kukitia kifuani.

"Amepata mwanamke huko," alijiambia. "Tena wa nywele za kununua."

Orpah hakuwa mtu wa kumeza maneno. Ila kwao alilelewa kwamba tangu jua la Ijumaa lizame hadi la Jumamosi lizame, watu hawagombani. Basi alikuwa akiuhifadhi ugomvi wake, anaupanga vizuri, anauongezea pilipili, akingoja Jumamosi magharibi. Na kila Jumamosi, kabla jua halijagusa mabati ya jirani, bwana alikuwa ameshaondoka. Mjanja, aliwaza Orpah, anaijua sheria na anajificha ndani yake.

Angeweza kuvumilia zaidi, lakini baada ya miaka saba ya ndoa alikuwa mjamzito. Muuguzi wa zahanati alisema mimba ina miezi minne. Orpah alimtaka mtoto huyu kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alitaka azaliwe akiwa na baba wa peke yake, si baba wa kugawana na mwanamke wa Lambwe. Jumatatu moja ya mwezi wa tano akafunga safari.

Alimkuta Nyamweya kambini akichanganya saruji, amekonda, jua limemchoma shingo.

"Orpah? Kwema nyumbani?"

"Nyumbani umetoka juzi. Nionyeshe huyo mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Mwenye hizi nywele unaniletea kila Ijumaa." Orpah alikitoa kitambaa kifuani, akakitupa juu ya mfuko wa saruji.

Nyamweya aliweka sepetu chini. "Ijumaa gani? Mimi tangu nije sijatoka hapa. Kila Sabato mimi ndiye ninayewasomea wafanyakazi lesoni ya Biblia. Uliza Daktari."

Daktari Elkanah, mtu mrefu mpole, alikuwa karibu na uzio. "Ni kweli, mama," alisema. "Bwana yako hajalala nje ya hii kambi hata siku moja."

Orpah aligeuka. Akaona macho ya mumewe yakishuka polepole hadi tumboni mwake na kubaki hapo, na akayajua macho yale, maana ndiyo yeye mwenyewe aliyomtazama nayo mumewe miezi yote ile. Aliyekuja kushtaki akawa mshtakiwa.

"Hiyo mimba ni ya nani?" Nyamweya aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni yako. Umekuwa ukija."

"Orpah."

"Umekuwa ukija!"

Daktari, kwa aibu ya kusikia mambo ya watu, alikuwa amekichukua kile kitambaa. Aliukunjua ule unywele, akauinua kwenye mwanga. "Huu ni wa mkia wa farasi," alisema. "Na sina farasi mweusi isipokuwa yule mtoto."

Ng'ambo ya uzio mtoto wa farasi, mweusi tititi, alisimama akimtazama Orpah. Mama yake, jike la rangi ya kahawia, aliacha kulamba jiwe la chumvi, akasogea, akapitisha pua kati ya nyaya na kuiweka juu ya tumbo la Orpah, akapumua hapo kwa muda mrefu. Orpah alishindwa kurudi nyuma.

"Damu ya huyo mtoto nimeipima mara nyingi," Daktari alisema. "Upande wa mama naupata. Upande wa baba haufanani na dume yeyote niliyewahi kupima. Na bonde lote hili hakuna mwingine mwenye farasi."

Nyamweya alitazama turubai lililofunika kazi yake. Kisha akaenda akalivuta. Sanamu ilikuwa karibu kwisha, farasi dume mkubwa ajabu, na kichwa chake kimeinama upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza jikoni kwa watu. Orpah alikijua kichwa kile.

"Umemtoa wapi huyu?" aliuliza.

"Si ni yule dume mweusi wa Daktari? Husimama nje ya uzio jioni, anatulia kama ameambiwa. Nikimaliza upande mmoja anageuka mwenyewe." Alimtazama Daktari, akaona uso wake. Sauti ikampungua. "Nilidhani ni wako."

"Na Ijumaa?" Orpah akauliza.

"Ijumaa haji."

Orpah akajumlisha mambo. Nyamweya alikuwa amechukua sura ya yule mnyama kwa saruji, na yule mnyama alikuwa amechukua sura yake. Nyamweya alishika nyundo akakivunja kichwa cha sanamu, lakini njiani hadi Migori hakumgusa mkewe wala kumsemesha, kwa kuwa kuamini jini ni rahisi kuliko kumwamini mke.

Ijumaa wakamwita Mzee Ombui wa kanisani. Watu wa pwani wana majina mengi ya vitu kama hivi. Mzee Ombui alisema kwake yote ni pepo, na pepo hufukuzwa kwa sala. Jua lilipozama walipiga magoti watatu, mlango umefungwa kwa komeo, na mzee akaanza kuomba kwa sauti nzito. Hakuwa amefika mbali ndipo kwato zikasikika zikikanyaga kokoto za uani, taratibu, bila haraka, zikaja, zikasimama kizingitini, na harufu ya majani mabichi ikapenya chini ya mlango.

"Orpah," sauti ya Nyamweya ikaita huko nje. "Nifungulie."

Nyamweya aliyepiga magoti ndani aliusaka mkono wa mkewe akaukamata. Sasa aliamini. Orpah alitamani kulia kwa shukrani, lakini hapohapo mtoto, ambaye hakuwa amewahi kucheza, aligeuka tumboni mwake, akapiga teke moja la nguvu kuelekea mlangoni.

Ndipo akakumbuka jinsi yule bwana alivyokuwa akingoja kizingitini kila Ijumaa, na alichokuwa akikingoja, akamrukia Mzee Ombui, akamnong'oneza sikioni asikome, aombe lolote, ahesabu hata majina ya manabii, lakini asithubutu kusema Amina, na mzee akaomba, akaomba hadi sauti ikamkauka, Nyamweya akampokea, na Orpah akampokea Nyamweya, huku nje anayengoja akikwaruza kizingiti kwa kwato moja, kwa subira, na ndani ya tumbo mtoto akimjibu.