Kompyuta Yenye Nyimbo za Harusi

Kila asubuhi, baada ya kufua na kuwalisha kuku, Sumintra aliketi mbele ya kompyuta iliyokuwa pembeni mwa sebule, karibu na cherehani. Kwa saa nzima hakutaka mtu amsemeshe. Mumewe, Hari, alilijua hilo. Alichukua chai yake akaenda kuinywa barazani.

Sumintra alikuwa akisikiliza nyimbo. Kwa miaka tisa alikuwa amezunguka makazi ya wakulima wa miwa kote Labasa, nchini Fiji, mkoba mabegani na kinasa sauti kidogo mkononi, akiwarekodi wanawake wazee. Waliimba nyimbo za harusi. Zilikuwepo nyimbo za kumpaka bibi harusi manjano, za kumliza anapoondoka kwao, na za kuwatukana ndugu wa bwana harusi mpaka wacheke. Nyimbo hizo zilifika Fiji pamoja na mabibi waliotoka India kuja kukata miwa. Siku hizi harusi zina spika kubwa na vijana hawazijui tena.

Alikuwa na nyimbo sitini na nne, zote ndani ya kompyuta ile. Saba ziliimbwa na mama yake, Budhni, aliyefariki miaka miwili kabla.

Hari alikuwa dereva wa lori la miwa kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Siku moja alisikia redioni kwamba wezi wanaingia kwenye kompyuta za watu. Alirudi ndani kwa haraka.

"Mama Rohini, kompyuta yako ina mlinzi?"

"Mlinzi gani?"

"Wa kuzuia virusi. Nipishe hapo."

Mchana wote alikuwa akipakua programu za bure. Hakuweka moja. Aliweka tatu.

"Moja haitoshi?" Sumintra aliuliza.

"Mwizi akimponyoka wa kwanza, wa pili atamdaka. Akimponyoka wa pili, wa tatu atamvunja mguu."

Tangu siku hiyo kompyuta ikawa nzito. Kufungua wimbo mmoja kulichukua muda wa kuchemsha chai. Kila programu iliziona nyingine kama wageni wabaya na kutoa onyo baada ya onyo.

"Umejaza walinzi humu mpaka mwenye nyumba hana pa kupita," Sumintra alilalamika.

"Vumilia. Usalama ndivyo ulivyo."

Lakini Hari mwenyewe hakuvumilia. Jumapili moja mchana, Sumintra akiwa hekaluni, kulikuwa na mechi ya raga. Hari alipata ukurasa asioujua uliokuwa ukionyesha mechi bure. Picha ilikwama kila mara. Alikasirika, akazizima programu zote tatu. Picha ikaanza kwenda vizuri.

Dakika chache baadaye dirisha jekundu lilijitokeza. Lilikuwa limeandikwa: HATARI! KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI 39. BOFYA HAPA USAFISHIWE BURE.

Hari alibofya. Kompyuta ikamwuliza kama anairuhusu programu hiyo ifanye mabadiliko. Akajibu ndiyo. Dirisha likaondoka, mechi ikaendelea, na Fiji ikashinda. Hari alifurahi sana, akasahau habari ya dirisha.

Jumatatu asubuhi Sumintra aliketi kama kawaida. Majina ya nyimbo zake yalikuwa yamegeuka. Badala ya jina la mwimbaji na kijiji, kulikuwa na herufi zisizosomeka. Alibofya wimbo wa kwanza wa mama yake. Haukufunguka. Alijaribu wa pili, na wa kumi, na wa mwisho. Kisha akaona barua fupi katikati ya kioo. Ilisema mafaili yote yamefungwa, na mwenye nayo ana siku tatu za kulipa ili apewe ufunguo.

"Baba Rohini," aliita. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Njoo hapa. Jana ulifanya nini?"

Hari alisoma barua ile mara mbili. Akavua miwani.

"Kulikuwa na dirisha," alisema. "Nilidhani ni mmoja wa wale walinzi wetu."

Sumintra aliinuka, akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwenye uzio wa jirani.

Jirani yao aliitwa Litiana. Alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali ya mjini. Alikuwa karibu kuondoka kwenda kazini, nywele bado mbichi na kipande cha muhogo mkononi.

"Shangazi, mbona uso huo? Mjomba anaumwa?"

"Ni mzima. Nyimbo zangu ndizo zimefungwa."

Litiana aliuweka muhogo juu ya nguzo ya uzio akamfuata. Alipoiona barua hakugusa kitu kingine chochote. Alichomoa kwanza waya wa intaneti.

"Kwa nini?" Hari aliuliza.

"Ili isiendelee kuongea na waliokuibia, wala isiambukize kifaa kingine humu ndani. Kuna diski nyingine imechomekwa?"

"Hakuna."

"Simu zenu?"

"Ziko jikoni."

"Basi ziacheni hukohuko."

"Tukilipa je?" Hari aliuliza. Alikuwa hamtazami mtu.

"Mjomba, hakuna anayekuhakikishia kwamba watafungua. Wengine huchukua pesa na kunyamaza. Halafu watajua nyumba hii hulipa, watarudi. Toeni taarifa polisi. Kompyuta nipeni mimi. Vipo virusi vya aina hii ambavyo wataalamu wameshaupata ufunguo wake na kuutoa bure. Nitajaribu. Siahidi."

Siku nne zilipita. Ndani ya nyumba Sumintra na Hari waliongea mambo ya chumvi na kuku tu. Ijumaa Litiana alirudi na kompyuta mikononi. Aliiweka mezani taratibu.

"Sikuweza," alisema. "Hakuna ufunguo unaoingia. Mafaili yaliyofungwa nimeyahifadhi kwenye diski, labda siku moja ufunguo utapatikana. Shangazi, nakala nyingine ziko wapi?"

"Nakala gani?"

"Za nyimbo. Mahali pengine nje ya kompyuta hii."

"Kwenye kinasa sauti nilikuwa nafuta kila mara ili nipate nafasi." Sumintra alifikiri. "Dada yangu Kamla, yule wa Auckland. Nilikuwa namtumia baadhi kwa simu."

Walimpigia Kamla. Alikuwa nazo nyimbo ishirini na moja. Mbili zilikuwa za mama yao. Arobaini na tatu zilizobaki zilikuwa zimepotea. Sumintra alichukua daftari akaandika majina ya waimbaji wa hizo arobaini na tatu. Waliokuwa hai walikuwa wachache. Alipofika kwenye jina la Budhni aliandika: tano. Akalifunga daftari.

Jumamosi Litiana alikuja tena. Kabla ya kuirudisha alikuwa ameifuta kompyuta yote na kuiwekea mfumo mpya. Sumintra alimpikia roti na mchuzi wa samaki. Hari aliketi kwenye kiti cha mbali, karibu na mlango.

"Mjomba, sogea. Huwezi kujifunza ukiwa barazani."

"Mimi nimeshafanya ya kwangu. Niliweka walinzi watatu, ona yaliyotokea."

"Nikuulize kama dereva. Ukiweka watu watatu kushika usukani mmoja, lori litafika kiwandani?"

"Litaishia mtoni."

"Ndivyo ilivyokuwa. Programu za kulinda muda wote zikiwa zaidi ya moja zinagombana. Kompyuta inazidiwa, mwenyewe unachoka, unazizima. Sasa niambie, lori lako lilikuwa na nini cha kukulinda?"

Hari alijikuna shingo. "Breki. Vioo. Taa. Mnyororo wa kufunga mzigo. Tairi la akiba."

"Kuna anayeweka breki tatu akaacha vioo?"

"Mwendawazimu."

"Asante. Nimekusikia umejitaja mwenyewe."

Sumintra alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile. Hari naye akatabasamu kidogo, akasogeza kiti.

"Kinga nzuri ni ya matabaka," Litiana alisema. "Kila tabaka lina kazi yake. Moja likishindwa, jingine linabaki. Tuanze na masasisho. Haya ni viraka. Mtengenezaji akigundua tundu kwenye programu, anakuletea kiraka. Kompyuta hii ilikuwa na viraka vingi vinasubiri. Nani alikuwa akibonyeza 'Baadaye'?"

"Mimi," alisema Sumintra. "Tangu kimbunga cha mwaka juzi."

"Haya, tumegawana makosa," Hari alisema.

"Nyamaza wewe."

Litiana aliweka masasisho yajifanye yenyewe. Kisha akawaonyesha kinga ya virusi iliyokuja na kompyuta.

"Hii ndiyo italinda muda wote. Moja tu. Inatosha, mradi iwe imewashwa. Ya pili ni hii ndogo. Hailindi muda wote. Inalala mpaka uiamshe mara moja kwa wiki, ikague kwa jicho jingine, halafu inalala tena. Kwa hiyo hazigombani. Na huu hapa ni ukuta wa kinga. Unaangalia kinachoingia na kutoka kwenye mtandao. Ulikuwa umezimwa. Sasa uko macho."

"Lakini ziko nyingi sana," Sumintra alisema. "Kila moja inajisifu. Mtu anachaguaje?"

"Usichague kwa sifa zake mwenyewe. Tafuta watu wanaozipima bila kulipwa na mtengenezaji, uone walisema nini. Hakikisha bado inatengenezwa, inapata masasisho, na inafaa kompyuta ya umri huu. Kisha ichukue kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe. Na ile inayokuja bila kuitwa, ikipiga kelele kwamba una virusi, hiyo si kinga. Hiyo ndiyo mwizi."

Hari alitazama sakafu.

"Wanaitengeneza ifanane na kinga ya kweli, mjomba. Hata daktari mmoja hospitalini kwetu alibofya. Ndiyo maana nimeweka kizuizi cha matangazo kwenye kivinjari. Mengi ya madirisha hayo hayatakufikia. Na likikufikia moja, kuna hili." Alifungua ukurasa mwingine. "Kuna akaunti mbili sasa. Ya kila siku haiwezi kuweka programu mpya. Kompyuta ikitaka kuweka kitu, itaomba neno la siri la msimamizi. Na msimamizi ni shangazi."

"Yaani nimwombe mke wangu ruhusa?"

"Hata mimi kazini situmii akaunti ya msimamizi kusoma barua pepe."

"Omba kwa adabu," Sumintra alisema, "nami nitafikiria."

Litiana aliwawekea pia programu ya kutunza maneno ya siri, kwa sababu Hari alikuwa akitumia jina la kuku wake kila mahali. Barua pepe ya Sumintra ikaanza kuomba namba inayotumwa kwenye simu kabla ya kufunguka.

Mwisho alitoa diski ndogo nyeusi.

"Hizo zote zinaweza kushindwa siku moja. Hii ndiyo tairi la akiba. Kila Ijumaa chomeka, nakili nyimbo, chomoa. Kuchomoa ndiko kazi yenyewe. Ikibaki imechomekwa, mwizi anaifunga pamoja na kompyuta. Nakala nyingine ikae mbali na nyumba hii, maana hata moto upo."

"Kwa Kamla," Sumintra alisema.

"Kwa Kamla, safi kabisa. Na mara mojamoja ufungue nakala uisikilize. Nakala ambayo hujawahi kuifungua hujui kama ipo."

Mwezi uliofuata Hari aliwasha gari lake la zamani kila Jumatano, akampeleka mkewe kwa waimbaji waliokuwa bado hai. Yeye ndiye aliyebeba kinasa sauti. Huko Wainikoro walimkuta Bibi Phulmati, mwenye miaka themanini na sita, akichambua dengu.

"Mbona niliimba mwaka juzi? Nyimbo zangu umezipeleka wapi?"

"Nimezipoteza, bibi."

"Umezipoteza! Mimi hata sufuria ya mwaka wa uhuru ninayo."

"Kosa ni langu, bibi," Hari alisema haraka.

Bibi Phulmati alimtazama kutoka juu hadi chini. "Basi kaa hapo. Nitaanza na za kuwatukana wanaume."

Aliimba nne. Jumla walirudisha nyimbo kumi na nne. Ishirini na tisa hazikurudi.

Mwezi wa Septemba ilikuja barua pepe iliyojifanya ya ofisi ya miwa, na faili limeambatishwa. Sumintra alilifungua, kwa kuwa walikuwa wakisubiri barua kama hiyo kuhusu mafao ya Hari. Kinga ya virusi ililizuia palepale na kumwonyesha onyo. Aliifuta, akaendelea na kazi. Wiki mbili baadaye Hari alitafuta mechi, kompyuta ikamwomba neno la siri la msimamizi. Aliondoa mikono mezani kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Mama Rohini! Kuna kitu kinaomba kuingia!"

Sumintra alikuja, akasoma, akakataa. Hakuna kilichotokea.

Bibi Phulmati alifariki mwezi wa Novemba. Siku ya kumi na tatu, baada ya ibada ya kumaliza msiba, binti yake alikuja Bulileka, kijijini kwa kina Sumintra, pamoja na mwanawe. Aliketi kwenye ukingo wa kiti bila kugusa chai.

"Nimesikia una sauti ya mama," alisema.

Sumintra alifungua kabati, akatoa diski nyeusi, akaichomeka. Majina yote yalikuwa mahali pake, jina la mwimbaji na kijiji. Alibofya. Sauti ya Bibi Phulmati ikajaa sebule, ikiwatukana ndugu wa bwana harusi mmoja baada ya mwingine, na mwishoni mwa wimbo akacheka mwenyewe. Binti yake alijifunika mdomo kwa ncha ya sari. Waliusikiliza mara tatu.

"Naweza kuondoka nao?" aliuliza.

"Zote nne," alisema Sumintra, akaanza kumnakilia.