Mwili wa Sufu ya Kijivu

Mambo yalianza na sikio. Mke wa fundi viatu alikuwa akifuma wanyama wa nyuzi sebuleni kwake: twiga wenye soksi, tembo wenye kofia, samaki wenye masharubu. Asubuhi moja akakuta kapuni sikio la binadamu, limefumwa kwa sufu ya kijivu, na hakukumbuka kulifuma.

"Ulikuwa unasinzia," mumewe akamtania. "Mfumie na la pili, maskini, asije akawa kiziwi."

Mke akacheka. Kufika jioni sikio la pili lilikuwa tayari, na kicheko kilimwisha, kwa maana mikono yake ililifuma yenyewe huku macho yake yakitazama dirishani.

Tangu hapo mikono haikumsikiliza tena. Ikafuma shingo, kifua, mapaja. Mumewe akaficha sindano, vidole vikafuma vitupu. Akaitupa sufu jalalani, akaikuta imerudi kapuni, ikinuka nywele zilizoungua. Mama mkwe akawa anamlisha kwa kijiko kama mtoto mchanga.

"Nishikeni," mke alinong'ona siku moja.

"Tumekushika, mwanangu," mama mkwe akamjibu.

"Mbona sisikii?"

Wakamwita mganga. Aliingia adhuhuri, akanusa hewa, akakaa mbali na lile sanamu lililoegemezwa ukutani, refu kama mtu mzima, limebakiza uso tu.

"Jini anatafuta mwili," akasema kwa sauti ya chini. "Mwacheni amalize. Sanamu likikamilika ataingia humo, nasi tutalichoma pamoja naye."

Basi wakakaa, mume upande huu na mama yake upande ule, wakiitazama ile mikono inavyofuma pua, kisha midomo, kisha kope moja moja, huku harufu ya nywele zilizoungua ikijaa chumbani na uso wa mwenye mikono ukizidi kupoa, mpaka uzi ukaisha na mikono ikaanguka mapajani.

Fundi na mganga wakaliburuta sanamu hadi uani. Lilikuwa zito, si uzito wa sufu. Moto uliposhika, sauti ikatoka ndani ya moshi, ikimwita fundi kwa jina ambalo mkewe alimwita wakiwa wawili tu chumbani.

"Usiitike," mganga akasema. "Majini huiga."

Fundi akaziba masikio, akalia, asiitike. Sauti ikaita, ikabembeleza, ikakoma.

Alipoingia ndani, mkewe alikuwa kochini, ametulia, anatabasamu. Mama mkwe alikuwa akimshukuru Mungu kwa machozi. Fundi akapiga magoti, akamshika mkewe mkono. Akauminya kidogo, kisha akauminya zaidi, mpaka vidole vyake vikakutana katikati. Hamkuwa na mfupa.